Vijana Wetu Hupewa Pesa, Wakanyimwa Muda

Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Nairobi ndiko moto ulikowaka zaidi, lakini Mombasa nayo haikulala. Tarehe 26 ya mwezi ule Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo, na wengi wakadhani kisa kimekwisha. Hakikwisha. Kodi ilikuwa cheche tu; kuni zilikuwa zimekauka zamani. Chini ya makelele yale kulikuwa na swali moja ambalo kila mzazi analijua hata kama hajalitamka: kijana aliyemaliza masomo, mwenye afya na nia njema, ataishika lini riziki yake kwa mkono wake mwenyewe?

Huku kwetu Pwani swali hilo lina sura yake, na ndiyo tutakayoitazama leo. Mara nyingi hujibiwa kwa haraka. Wazee husema vijana ni wavivu, hawataki kazi ya jasho. Vijana nao husema wazee wameyala yote hawakubakisha. Majibu yote mawili ni mepesi. Anayetaka kujua na atoke alfajiri aone ni nani wanaosukuma mikokoteni ya maji Majengo, ni nani wanaosubiri kuitwa getini Shimanzi, ni nani waliokwisha washa makaa ya viazi vya karai kabla jua halijapanda. Uvivu haupo hapo. Kilichopungua ni kitu kingine.

Kabla ya kwenda mbele tuelewane juu ya neno lenyewe. Kujitegemea si kujitenga. Kuna nchi ambako kijana akitimiza miaka 18 hutoka nyumbani akapanga chumba, na akibaki kwa mamake huonekana ameshindwa. Kwetu si hivyo, wala hatuna haja ya kuwa hivyo. Kijana aweza kulala kwa mamake mpaka siku ya kuoa, na bado akawa mtu wa kujitegemea, maadamu unga wa chungu kile na yeye ameutia mkono. Na aweza kijana kuwa na chumba chake, runinga yake na kiti cha sofa, ilhali ni mtumwa wa watu asiowajua hata sura. Kujitegemea ni kulala usiku pasi na mtu wa kukudai.

Mlango uliokuwa wazi

Zamani kijana wa Pwani aliingia katika riziki kwa milango mitatu. Wa kwanza ni bandari: uhamali, ukarani wa forodha, utingo wa lori, na yule mwanamke auzaye chai na mahamri nje ya geti. Wa pili ni bahari: dau, nyavu, madema. Wa tatu ni ufundi: useremala, ushoni, uashi, ufundi wa vyombo.

Milango hiyo haikuwa na pesa nyingi, na hatutaki kuipamba kuliko ilivyokuwa. Mafundi wengine waliwatumikisha watoto wa watu, na manahodha wengine walidhulumu. Hata hivyo ilikuwa na jambo moja ambalo leo limekuwa adimu kuliko dhahabu, nalo ni muda. Mwanafunzi wa seremala alikaa miaka miwili au mitatu akifagia vumbi la mbao kabla hajaruhusiwa kushika patasi juu ya mlango wa mteja. Muda wote huo alikula kwao, na hakuna aliyemwandikia deni. Akiharibu ubao, fundi aligomba, kisha ubao ukawa kuni. Kosa lake halikumfuata mpaka nyumbani.

Milango yenyewe imefinywa. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilizinduliwa Mei 2017, na miaka iliyofuata serikali ikaamuru shehena zipande garimoshi ziende zikafunguliwe bara. Mwaka wa 2019 watu wa Mombasa waliandamana juu ya amri hiyo, kwani walioumia hawakuwa matajiri wa malori peke yao. Lori lisilosimama Changamwe halibadilishi gurudumu Changamwe, na utingo asiyekuwapo hanywi chai. Mnamo Septemba 2022 serikali mpya iliahidi kuzirudisha shughuli hizo Mombasa, lakini gereji iliyofungwa miaka mitatu haifunguki kwa tangazo la siku moja.

Mlango wa simu

Mlango mmoja ulipofinywa, mwingine ulifunguka, na mlango huo umo mfukoni mwa kila mtu. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007 kwa kupeleka na kupokea, nayo ilileta faraja kubwa, hakuna atakayekana. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ambayo ilikopesha. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humkopesha mtu pale pale anapolipa ikiwa pesa zake hazitoshi. Katikati ya hizo zikazuka programu nyingi za mikopo, nyingine bila ofisi wala mwenyewe anayejulikana. Novemba 30, 2022 serikali nayo ikazindua mfuko wake wa Hustler Fund.

Tusizitie zote katika kapu moja. Tuzipime kwa hesabu, maana hesabu haina chuki.

M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa shilingi 1,000 unarudisha 1,075. Shilingi 75 ni kitu gani? Ni nauli na chai. Lakini kijana anayeanza biashara hakopi mara moja. Hulipa, kisha siku hiyo hiyo hukopa tena, kwa sababu bila ya ile 1,000 hana bidhaa ya kesho. Akifanya hivyo miezi 12 atakuwa amelipa ada ya shilingi 900, na mwisho wa mwaka bado ana deni la 1,000 mkononi. Amelipa karibu bei nzima ya pesa zile, na hajazimiliki hata siku moja.

Hustler Fund ni rahisi zaidi, na haki isemwe. Riba yake iliwekwa kuwa asilimia 8 kwa mwaka. Aliyekopa shilingi 500 kwa siku 14 hudaiwa nyongeza isiyofika shilingi mbili. Bei si tatizo hapo. Tatizo ni kiasi na siku. Mkopo wa mtu mmoja ulianzia shilingi 500, na muda wa kulipa ukawa siku 14.

Sasa natuulize: ni kazi gani ya Pwani inayozaa kwa siku 14? Mchicha, ambao ni katika mboga za haraka, haujachumwa kwa siku hizo. Kuku wa nyama hutaka wiki tano au sita. Mwani wanaoulima kina mama wa Kibuyuni kule Kwale hukaa baharini kiasi cha wiki sita kabla ya kuvunwa. Kofia ya vito ya Lamu, inayodariziwa kwa mkono, huchukua miezi. Na kijana anayejifunza kuchomelea vyuma hawi fundi kwa miezi, ni miaka.

Kazi pekee inayoweza kulipa deni la siku 14 ni uchuuzi: kununua asubuhi na kuuza jioni. Ndiyo maana ukipita Kongowea au Mwembe Tayari unaona vijana kumi wamepanga vifuniko vya simu vya aina moja, kwa bei moja, wakimtazama mpita njia mmoja. Wasiojua husema vijana hawana fikira mpya. Fikira wanazo. Deni ndilo lililowachagulia kazi, nalo huchagua ile ya haraka tu, isiyofundisha ufundi wala kumkuza mtu. Wamepewa pesa, wakanyimwa muda. Na pesa bila muda ni kama mbegu juu ya jiwe.

Aibu nayo ilikuwa na bei. Kabla ya sheria kubadilishwa, baadhi ya wakopeshaji wa simu walikuwa wakichukua majina yaliyomo katika simu ya mdaiwa, wakawapigia jamaa zake, hata mwajiri wake, kumtangaza. Katika mji kama wetu, ambako sitara ni nusu ya heshima, kijana alikuwa radhi akope kwa watu watatu kumlipa wa nne kuliko mjomba wake apigiwe simu. Sheria ya Desemba 2021 iliipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji hao, na kanuni zikatoka Machi 2022. Ni jambo jema. Lakini kanuni humzuia mkopeshaji asitukane. Hazimwongezei mkopaji siku.

Hasara ni ya nani?

Wanavyuoni watajadili kama ile ada ya simu ni ada kweli au ni riba iliyovaa kanzu nyingine. Kazi hiyo si ya ukurasa huu. Lakini katika katazo la riba kuna hekima ambayo hata asiyekuwa Mwislamu aweza kuipima: hasara ikitokea, ni nani anayeibeba?

Tulinganishe dau na pikipiki. Katika uvuvi wetu wa kale, chombo kikirudi samaki hugawanywa mafungu. Kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha, na mafungu ya wavuvi. Mgawo hutofautiana mahali na mahali, lakini shina ni moja: bahari ikinyima, mwenye chombo naye hakosi kunyimwa. Kwa hivyo anajali kama kusi limevuma, kama nyavu zimechanika, kama mvuvi ni mgonjwa. Riziki yao imefungwa kwa kamba moja.

Pikipiki ni kinyume chake. Tangu mwaka wa 2008 hivi, serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, bodaboda imekuwa ajira ya maelfu ya vijana wetu. Tuseme mwenye pikipiki anataka hesabu ya shilingi 400 kila siku. Mvua ikinyesha, ni 400. Abiria wakikosekana, ni 400. Kijana akianguka akavunjika mguu, pikipiki hupewa mwingine kesho yake, na hesabu ni ile ile. Aliyenunua kwa mkopo yuko vivyo hivyo, ila tajiri wake ni kampuni, nayo ikicheleweshewa huja kuichukua pikipiki hata kama amekwisha lipa nusu yake. Hasara yote imepanda kichwani mwa yule asiyekuwa na kitu. Kisha tunashangaa kwa nini wanakwenda mbio barabarani!

Mfano ulio bora tunao, na tunausikia kila yanaposomwa maulidi, ingawa pengine tunausikiliza kwa upande mmoja tu. Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa kijana wa kiasi cha miaka 25 hakuwa na mali. Alikuwa na uaminifu. Bibi Khadija alikuwa na mali, akampa bidhaa zake aende nazo Sham akauze, na faida wagawane. Hakumkopesha akamhesabia siku. Alishirikiana naye. Wanafiqhi wanauita ushirika wa namna hiyo mudharaba: huyu atoa mali, yule atoa kazi, faida yagawanywa kwa mapatano, na hasara isiyotokana na uzembe ni ya mwenye mali, ilhali mwenye kazi amepoteza jasho lake. Hapo kijana ana muda wa kwenda Sham na kurudi.

Na mwenye mali katika kisa hicho alikuwa mwanamke. Sheria yetu yasema wazi kwamba chumo la mwanamke ni lake. Basi msichana anayeoka keki nyumbani na kuziuza kwa simu asihesabiwe kuwa anacheza mpaka atakapoolewa. Huyo ni mfanyabiashara, na ushirika ni haki yake kama ilivyo haki ya kakake.

Benki na hati

Atasema mtu: si kuna benki za Kiislamu? Zipo. Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi Kenya mwaka wa 2008, na zikafungua njia kwa watu waliokuwa wakiogopa riba. Lakini benki ni benki. Hutaka rehani au mshahara, na kijana wetu hana hiki wala kile.

Wala babake hana cha kumwekea. Mji wa Mombasa una jambo ambalo wageni hulistaajabia: nyumba ni ya huyu, ardhi ni ya yule. Mtu amejenga, amezalia na amezikia katika nyumba ile, kumbe chini yake analipa kodi ya kiwanja. Mizizi yake inarudi mbali, mpaka kwenye sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908, ambayo wachache walijua namna ya kuitumia na wengi walipitwa nayo. Kutoka Kisauni hata Kilifi na Kwale kuna maelfu ya jamaa wanaokaa juu ya ardhi wasiyokuwa na karatasi yake. Kwa hivyo kijana wa Pwani anapoambiwa aende benki, anaambiwa apande ngazi ambayo vipago vyake vya chini viling'olewa kabla babu yake hajazaliwa. Hati za ardhi ni dai la haki kwa serikali, na lisiachwe. Lakini tukizingojea hati peke yake, kizazi hiki nacho kitazeeka.

Na sisi tuna mikono yetu

Haitoshi kuinyoshea serikali kidole na kampuni za simu. Yako tunayoyafanya wenyewe.

La kwanza ni harusi. Kijana huweka akiba miaka mitatu, kisha huitumia siku tatu: ukumbi, mapambo, nguo za sare, pilau ya watu ambao hata majina yao hayajui. Dini haikumtaka hayo. Mahari ni haki ya mke, na karamu ni sunna kwa kadiri ya uwezo. Yaliyobaki ni macho ya majirani. Hebu tuseme kweli: ni wazazi wangapi wanaoweza kumwambia mchumba wa binti yao, nusu ya gharama hii nunueni cherehani ya umeme, tutakula haluwa na kahawa?

La pili ni Arabuni. Vijana wetu wengi, wake kwa waume, wamekwenda Saudia, Qatar na Oman kufanya kazi za nyumba, za ulinzi na za udereva. Baadhi wamepata, baadhi wamerudi na majeraha. Lakini hata aliyepata, pesa zake huliwa huku kabla hajarudi. Huyu ataka karo, yule ataka paa, mwingine ataka tu. Kusaidia jamaa ni wajibu na ni baraka. Lakini mti ukichumwa majani yote haukui. Anayepeleka shilingi kumi, mbili kati yake ziwekwe kwa jina lake, na mama awe ndiye mlinzi wake.

La tatu ni kamari ya simu. Wapo vijana wanaoiita kazi. Sitaki kuhubiri, natoa hesabu tu. Katika uchuuzi, kijana akila hasara leo amejifunza bei ya kesho. Katika kamari hajifunzi chochote, kwa kuwa mwenye mchezo ndiye aliyezipanga bei ili mwishowe zirudi kwake.

La nne ni zaka, nalo ni la kufikiriwa zaidi. Kila Ramadhani tunaona safu za watu nje ya maduka wakingoja noti moja moja. Mtoaji ameondokewa na faradhi yake, lakini mpokeaji yuko pale pale mwaka ujao. Ipo hadithi mashuhuri ya mtu aliyemwendea Mtume kuomba. Hakupewa sadaka. Aliulizwa ana nini nyumbani, akaleta nguo ya kulalia na chombo cha kunywea maji, vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Moja akaambiwa awanunulie watu wake chakula, na nyingine anunue shoka. Mtume mwenyewe akalitia mpini, akamwambia aende akate kuni, wasionane kwa siku 15. Akarudi na dirhamu kumi.

Siku zile zinakaribiana sana na siku za mkopo wetu wa leo, lakini tofauti yake ni kubwa. Yule alipewa siku 15 za kufanya kazi pasi na mtu wa kumdai. Na shoka lilikuwa lake tangu siku ya kwanza.

Shoka liko mkononi, mwenye nalo si fukara,
Mkopo u mfukoni, siku kumi ni hasara,
Kijana mpe amani, muda ndio biashara,
Chombo hakifiki pwani kwa pupa bila subira.

Basi mtaa wenye wafanyabiashara 20 wanaotoa zaka unaweza kukaa na imamu wao na kuchagua vijana watano kila mwaka. Si kuwagawia noti, bali kuwanunulia shoka la zama hizi: mashine ya kuchomelea, oveni, cherehani, nyavu halali, au ada ya kujifunza ufundi. Wadaiwa walioelemewa nao wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka; kumtoa kijana mmoja katika mzunguko wa mikopo ya simu ni kumkomboa kweli kweli. Kina mama wanaocheza upatu wana mfano mwingine mzuri. Watu kumi, shilingi 1,000 kila wiki, na kila mmoja hupata 10,000 kwa zamu yake bila senti ya riba. Wanalotakiwa kuongeza ni daftari na mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika madeni. Na wale wazee wenye pesa zilizolala katika viwanja visivyojengwa, wamtafute kijana mmoja mwaminifu, washirikiane naye kwa maandishi, faida na hasara.

Kijana naye ana lake. Mwenye kupewa muda asiufanye usingizi. Aandike kila kinachoingia na kinachotoka, hata shilingi kumi ya muguka, maana asiyejua alichokula jana hajui atakachokula kesho. Na akishirikishwa, awe mkweli katika hesabu. Rasilmali ya yule kijana aliyekwenda Sham ilikuwa ukweli, na mpaka leo hakuna benki inayoutaka rehani.